Mjumbe na Ujumbe Asioupenda

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na kinga hiyo hawakuitoa bure. Mjumbe haguswi kwa sababu maneno anayoyachukua si yake. Ameyapokea, ameyabeba, ameyafikisha, na jibu atakalopewa atalirudisha lilivyo. Siku anapoanza kupunguza ya huku na kuongeza ya kule, hata kwa nia njema kabisa, kinga ile imekwisha kumtoka na mwenyewe hana habari. Cheo atabaki nacho, na ofisi, na bendera juu ya paa. Atakachokosa ni mtu wa kumwamini.

Kisa ninachotaka kukieleza kimelala ndani ya barua. Nyingi zimehifadhiwa katika maktaba ya Houghton, Chuo Kikuu cha Harvard. Nyingine zimo katika nyaraka za Rais Woodrow Wilson mjini Washington, na nyingine katika majalada ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Aliyeziandika ni Walter Hines Page, balozi wa Marekani mjini London tangu 1913 hadi 1918. Ninakisimulia kwa ajili ya kila anayetumwa kusema kwa niaba ya wenzake: ofisa wa ubalozi, mwakilishi wa wafanyakazi mbele ya mwajiri, mwandishi wa habari aliyepelekwa nchi ya mbali, hata mjumbe wa nyumba kumi anayepeleka malalamiko ya majirani kwa mtendaji wa kata. Ninakisimulia vilevile kwa anayetuma, maana hapa aliyetuma naye ana lake la kujibu.

Page hakuwa mtu wa kubahatisha. Alizaliwa Cary, North Carolina, mwaka 1855, akakua akiliona jimbo lake likitoka katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe likiwa hoi kwa umaskini. Kazi yake ya maisha ilikuwa uhariri. Aliongoza jarida la The Atlantic Monthly, kisha akawa mbia katika kampuni ya uchapishaji ya Doubleday, Page, ambayo mwaka 1901 ilitoa kitabu cha maisha ya Booker T. Washington, kiongozi wa Wamarekani weusi aliyezaliwa utumwani, na mwaka 1906 ikatoa The Jungle ya Upton Sinclair, riwaya iliyofichua uchafu wa machinjio ya Chicago. (Kampuni hiyohiyo ilichapa The Clansman ya Thomas Dixon, riwaya iliyowatukuza wauaji wa Ku Klux Klan. Doa hilo halifutiki, na anayemsifu Page hana budi kulitaja.) Alipigania shule za umma za kusini, na alikuwa miongoni mwa waliosukuma mapambano dhidi ya safura, minyoo iliyowanyonya damu maskini wa majimbo yale, hadi John D. Rockefeller akatoa dola milioni moja mwaka 1909 kwa kazi hiyo.

Yeye na Wilson walijuana Atlanta mwaka 1882, mmoja mwandishi wa gazeti, mwingine wakili kijana ambaye biashara ilikuwa haijamwendea. Miaka 31 baadaye wakili yule akawa rais, akampeleka rafiki yake London, kituo kilichokuwa juu ya vyote katika utumishi wa ubalozi. Mshahara ulikuwa dola 17,500 kwa mwaka na haukukidhi gharama za balozi anayeishi Grosvenor Square. Wilson alimwomba rafiki yao tajiri, Cleveland Dodge, alizibe pengo hilo kimyakimya. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha jinsi rais alivyomtaka Page pale. Hakuwa balozi wa kupachikwa kwa sababu ya michango ya kampeni. Alikuwa mtu wa moyoni.

Basi akaanza kuandika. Mbali na telegramu rasmi za wizarani, alimwandikia rais moja kwa moja, na kumwandikia pia Kanali Edward House, mshauri wa karibu kuliko wote Ikulu. Barua zake ni ndefu, zimejaa uhai, na hadi leo zinasomeka kwa raha. Anakuchorea Mfalme akizungumza, waziri akisitasita, karamu na itifaki zake, mvua ya London. Wilson mwenyewe alizifurahia sana mwanzoni na kumsifia. Palepale penye kipaji ndipo mtego ulipotegwa. Mtu anayejua kuandika vizuri huandika zaidi anachokihisi kuliko anachokiona, kwa sababu hisia ndiyo inayompa sentensi nzuri, na sifa za msomaji humfanya aongeze.

Mwaka wa kwanza ulimpa ushindi wa halali. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1912 ya kuzisamehe ushuru wa Mfereji wa Panama meli za Kimarekani zifanyazo biashara baina ya bandari za nyumbani, ingawa mkataba wa 1901 na Uingereza ulisema meli za mataifa yote zitendewe sawa. Page akaandika nyumbani bila kuchoka: Waingereza wanatuona tumevunja neno letu, na hapa neno lililovunjwa linahesabika. Wilson akakubali, na Juni 1914 msamaha ule ukafutwa. Hiyo ilikuwa kazi ya mjumbe kwa ukamilifu wake. Alieleza wenyeji wanafikiri nini na kwa nini, akaacha wenye nchi waamue. Kwa bahati mbaya, ushindi huo ulimfundisha pia kwamba akisukuma vya kutosha, Washington itasogea.

Kuna dalili nyingine ya mapema ambayo wasomaji wengi wa barua hizi huipita kama kichekesho. Mwishoni mwa 1913 Wilson alikuwa amekataa kumtambua Jenerali Huerta aliyetwaa madaraka Mexico kwa damu. Sir Edward Grey, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, akamuuliza Page: mkilazimika kuingia Mexico, mtafanya nini? Page akajibu kwamba watawalazimisha watu wapige kura na kuishi na matokeo yake. Wasipokubali? Wataingia tena. Marekani, alisema, itakuwepo miaka 200, na inaweza kuendelea kuwapiga risasi watu muda wote huo mpaka wajifunze kujitawala. Mazungumzo hayo aliyaripoti mwenyewe kwa Wilson, bila aibu yoyote. Mtu anayeamini hivyo kwamba taifa kubwa lina haki ya kulifunza dogo kwa bunduki, mpeleke katika makao makuu ya dola iliyotawala robo ya dunia, atajiona amefika kwa ndugu zake.

Kisha likaja Agosti 1914. Page aliyaona kwa karibu mambo ambayo wanadamu wachache waliyaona. Tarehe 4 alikuwa na Grey, naye Grey akamweleza kwa machozi kwamba Uingereza imeipa Ujerumani sharti la mwisho. Kesho yake akaenda kwa balozi wa Ujerumani, Mwanamfalme Lichnowsky, akamkuta mchana kweupe bado yumo ndani ya nguo za kulalia, mtu aliyejitahidi kuizuia vita na sasa anaelekea kuchanganyikiwa. Ofisi za ubalozi wa Ujerumani na wa Austria zikakabidhiwa kwa Page azilinde, kwa kuwa Marekani haikuwa upande wowote. Maelfu ya Wamarekani waliokwama London bila fedha wakaujaza ubalozi wake. Alifanya kazi usiku na mchana, na katika majuma yale alikuwa balozi wa nchi yake kwa kila maana ya neno.

Ugomvi ulianzia baharini. Uingereza ilitumia jeshi lake la majini kuifungia Ujerumani njia za bidhaa, na njia zenyewe zilipitia nchi zisizokuwa vitani, kama vile Uholanzi na Denmark. Kwa hiyo manowari za Kiingereza zikasimamisha meli za Kimarekani, zikazipeleka bandarini kupekuliwa, zikashikilia shaba, mafuta, nafaka. Washington ikapendekeza nchi zote zilizo vitani zifuate Azimio la London la 1909 kuhusu sheria za vita vya baharini, azimio ambalo Uingereza yenyewe ilikuwa haijaliridhia. Page akapinga kwa nguvu zote. Alisema Uingereza haitakubali kamwe, na kuendelea kuibana ni kutafuta ugomvi na rafiki. Oktoba 1914 akaashiria kwamba akiendelea kusukumwa atajiuzulu, na kabla mwezi haujaisha Washington ikaliondoa pendekezo lake.

Ni rahisi kusema Page alikosea hapa, nami sisemi hivyo. Yawezekana aliijua London vizuri kuliko Robert Lansing, mwanasheria wa wizara aliyeliandaa pendekezo lile. Tatizo lilikuwa kwamba ndani ya telegramu zile mambo mawili yalikuwa yamechanganywa: London haitakubali, na London ina haki ya kutokubali. La kwanza ni habari, na mjumbe asiyeileta amekosa kazi yake. La pili ni hukumu, na hukumu hiyo haikuwa yake kuitoa kwa niaba ya wavuvi wa Maine, wachimbaji wa shaba wa Montana na wakulima wa pamba wa North Carolina. Hao wa mwisho walikuwa majirani zake wa utotoni. Vuli ile bei ya pamba ilianguka vibaya, wakulima wakakaa na marobota wasiyoweza kuyauza, na ilipofika Agosti 1915 Uingereza ikaitangaza pamba kuwa bidhaa iliyokatazwa kufika Ujerumani. Mtu aliyepaswa kuwasemea pale Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza alikuwa anamsikitikia waziri.

Tunajuaje? Kwa kinywa cha waziri mwenyewe. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1925, Grey anasimulia kwa upendo mkubwa jinsi Page alivyomjia siku moja na waraka mrefu wa serikali yake, wa kupinga kukamatwa kwa meli. Akausoma wote. Alipomaliza akasema amekwisha kuusoma, lakini yeye hakubaliani nao, basi wafikiri pamoja namna ya kuujibu. Grey anakisimulia kisa hiki kama ushahidi wa urafiki, na urafiki kweli ulikuwepo. Lakini hebu jiweke katika kiti chake. Umeletewa malalamiko ya taifa zima, na mleta malalamiko anakuambia hayana uzito. Tangu siku hiyo kila waraka wa Washington utausoma kwa utulivu, kwa sababu umekwisha kujua kwamba nyuma yake hakuna mtu.

Meli ya Dacia ni mfano mwingine. Ilikuwa mali ya Wajerumani, ikauzwa baada ya vita kuanza kwa Mmarekani aitwaye Edward Breitung, ikapandishwa bendera ya Marekani na kujazwa pamba iende Ujerumani. Waingereza wakiikamata, Marekani nzima itawaka. Wakiiacha, meli zote za Kijerumani zilizojificha katika bandari za Marekani zitauzwa kwa njia hiyohiyo. Kwa mujibu wa Burton Hendrick, mwandishi wa maisha ya Page, ni balozi huyu aliyemdokezea Grey kwamba Ufaransa nayo ina jeshi la majini: mbona sifa hii isiwaendee wao? Tarehe 27 Februari 1915 manowari ya Kifaransa ikaikamata Dacia, na hasira zilizotarajiwa hazikutokea. Wapo wanaosema ule ulikuwa ustadi uliowaepusha wote na balaa. Huenda. Ila mmiliki wa meli alikuwa raia wa Marekani, na aliyeonyesha njia ya kumkamata bila kelele alikuwa balozi wake.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana jambo hili linatuhusu kwa karibu. Katika barua zake Page aliieleza vita ile kuwa ya ustaarabu dhidi ya ushenzi, na kuhusu ukatili wa jeshi la Kijerumani nchini Ubelgiji alikuwa na ushahidi wa kutosha. Lakini dola aliyoitazama kupitia madirisha ya Grosvenor Square ilikuwa pia na sura nyingine. Katika miaka hiyohiyo, Afrika Mashariki, vijana wetu walikamatwa vijijini wakafanywa wapagazi wa jeshi lake, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, kuhara na malaria huku wamebeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimerithi jina la kikosi hicho. Mjumbe anayekula na wakubwa wa mwenyeji wake ataijua nchi kwa kadiri meza ile inavyoijua. Page aliwapenda watu waungwana, wasomi, wenye maneno ya upole, akadhani ameielewa Uingereza.

Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya abiria Lusitania karibu na pwani ya Ireland. Walikufa watu karibu 1,200, Wamarekani 128 kati yao. Jioni hiyo Page alikuwa amewaalika wageni kwa ajili ya Kanali House aliyekuwa London. Habari ziliwafikia katika karamu hiyohiyo. Siku iliyofuata akatuma telegramu kwa rais, na namna alivyoiandika inastahili kusomwa na kila anayetumwa. Hakusema: mimi naona tuingie vitani. Alisema hisia zinazotajwa waziwazi pale London ni kwamba Marekani itangaze vita au ipoteze heshima ya Ulaya. Kwa sehemu ilikuwa kweli. Watu walisema hivyo. Lakini ilikuwa pia kauli yake mwenyewe iliyovikwa kanzu ya wengine, na Wilson, aliyemjua tangu Atlanta, hakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

Mbinu hiyo inajulikana sana kwetu. Wananchi wanasema. Wafanyakazi wanalalamika. Vijana hawataki. Kila tuliyemtuma atuwakilishe amewahi kujaribiwa kuyaficha mawazo yake nyuma ya umati, kwa kuwa umati una uzito kuliko yeye. Tena mara ya kwanza hufanikiwa. Ubaya wake huja baadaye: siku umati unaposema kweli, na wewe ukaleta sauti yao kama ilivyo, msikilizaji atadhani ni wewe tena.

Ndivyo ilivyomkuta Page. Wilson alianza kuhofu kwamba rafiki yake amesahau hisia za watu wa nyumbani. Akamwambia House kwamba Page amekuwa Mwingereza kuliko Waingereza. Barua zikaendelea kuja, ndefu vilevile, na rais akawa hazipi uzito tena. Katikati ya 1916 mambo yalikuwa mabaya kweli: Uingereza ilikuwa imewaua kwa kuwapiga risasi viongozi wa uasi wa Ireland, jambo lililowaumiza mamilioni ya Wamarekani wenye asili ya huko, na Julai ikatangaza orodha ya makampuni zaidi ya 80 ya Kimarekani ambayo raia wake walikatazwa kufanya biashara nayo. Wilson alikasirika kuliko wakati wowote. Mtu wa kumpelekea Grey hasira hiyo ikiwa na makali yake yote hakuwepo.

Lakini sasa nimgeukie aliyetuma. Wilson alikuwa na njia mbili za heshima. Angeweza kumwita nyumbani na kumshukuru kwa utumishi wake, au angeweza kumketisha chini na kumwambia ukweli wote. Hakufanya hata moja. Alimwacha pale na kumzunguka. House ndiye aliyetumwa London kwa mazungumzo mazito, na mwanzoni mwa 1916 akaandikiana na Grey makubaliano ya siri kuhusu mkutano wa amani, mpango ambao Page hakuukubali na alikataa kuushiriki. Kwa hiyo Marekani ikawa na midomo miwili katika mji mmoja, na kila mmoja ukisema lake. Waingereza, kama ambavyo yeyote angefanya, wakasikiliza ule uliowapendeza kwa wakati ule.

Agosti 1916 Page aliitwa nyumbani, akaja na shauku ya mtu aliyebeba mambo miaka mitatu. Alikula chakula Ikulu, na vita havikuzungumzwa kwa maana yoyote. Akangoja. Majuma yakapita. Hatimaye, Septemba, akapewa nafasi katika nyumba ya mapumziko ya rais huko Shadow Lawn, New Jersey, na yale aliyoyasikia ameyaandika katika shajara yake. Wilson alimwambia vita hivi vina vyanzo vingi, na kimojawapo ni kwamba Uingereza ina dunia mkononi na Ujerumani inaitaka. Kwa Page hayo yalikuwa maneno ya mtu aliyepotea. Wakaagana, na hawakuonana tena. Novemba akaandika barua ya kujiuzulu. Jibu likakawia, kisha vita vikakaribia nyumbani kwao na akaombwa abaki. Afya ilimwishia pale London. Alijiuzulu Agosti 1918, akafika nyumbani Oktoba, akafariki Pinehurst, North Carolina, tarehe 21 Desemba, akiwa na miaka 63.

Hakuna adui aliyemwanika Page. Waliomwanika ni waliompenda. Hendrick alitoa maisha na barua zake mwaka 1922, kitabu kilichochapwa na kampuni ya Page mwenyewe na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Juzuu la tatu, lenye barua kwa Wilson, likatoka 1925. Ndani ya Westminster Abbey Waingereza walimwekea bamba la kumbukumbu lililozinduliwa na Grey mwaka 1923, likimtaja kuwa rafiki wa Uingereza wakati wa shida yake kubwa. Ni heshima ya kweli kutoka kwa watu wenye shukrani. Lakini balozi akipewa sifa hiyo na waliompokea, waliomtuma wana haki ya kuuliza wao walikuwa na rafiki gani mjini humo.

Jambo la mwisho liko katika telegramu mbili za 1917 zilizotumwa kwa kupishana siku tisa tu.

Ya kwanza ni ya tarehe 24 Februari. Waziri mpya wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Arthur Balfour, alikuwa amempa Page maandishi yaliyonaswa na kufumbuliwa na Waingereza: waziri mwenzake wa Ujerumani, Arthur Zimmermann, akimwagiza mwakilishi wake Mexico aitake nchi hiyo iungane na Ujerumani endapo Marekani itaingia vitani, nayo isaidiwe kurudisha Texas, New Mexico na Arizona. Safari hii Page hakuhubiri. Alituma maandishi yenyewe, akaeleza yalipatikanaje, kwa msimbo gani, kutoka kwa nani, na kwa nini Waingereza waliomba chanzo kifichwe. Kwa kuwa kila kitu kilielezwa, kila kitu kiliweza kuhakikishwa. Washington ikaitafuta nakala ya mafumbo katika kumbukumbu za kampuni ya telegramu ya Western Union, ikaipata, ikairudisha London, na Edward Bell, ofisa wa ubalozi wa Page, akaifumbua kwa msaada wa Waingereza. Magazeti yalikuwa tayari yameichapa tarehe 1 Machi. Walioipinga waliiita uzushi wa Kiingereza, mpaka Zimmermann mwenyewe alipokiri tarehe 3. Barua za miaka miwili na nusu, zenye ufasaha wote ule, hazikuwa zimemsogeza Wilson kama ilivyofanya karatasi hii moja ambayo ndani yake Page alikuwa mbebaji tu. Marekani ilitangaza vita tarehe 6 Aprili.

Ya pili ni ya tarehe 5 Machi. Humo Page alieleza kwamba mikopo ya Uingereza na Ufaransa imekuwa mizito kuliko nguvu za benki ya Morgan, na biashara ya pande zote mbili za Atlantiki iko hatarini kuporomoka. Hiyo ilikuwa habari muhimu na ya kweli, na kila mwenye dhamana Washington alipaswa kuijua. Ila hakuishia hapo. Akaongeza maoni yake: pengine kuingia vitani ndiyo njia pekee ya kuilinda nafasi ya juu ya Marekani katika biashara na kuepusha taharuki ya fedha. Hakuna aliyemwomba sentensi hiyo, wala haikuwa sababu iliyompeleka Wilson vitani.

Haikusahauliwa, hata hivyo. Katika miaka ya 1930, Wamarekani walipokuwa na uchungu wa vita vile na kamati ya Seneta Gerald Nye ikichunguza faida za wauza silaha na mabenki, wakosoaji waliishika sentensi ile kama ushahidi kwamba vijana wao walipelekwa kufa Ufaransa ili madeni ya matajiri yalipwe. Si yenyewe peke yake iliyojenga hasira hiyo, lakini ilikuwa kielelezo kilichosainiwa na balozi, na mwenyewe hakuwapo tena wa kukieleza. Mwaka 1935 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia silaha kuuziwa nchi zilizo vitani. Septemba 1939 Uingereza ilipoingia tena vitani na Ujerumani, ikahitaji silaha za Marekani kuliko kitu kingine chochote, ilikuta katazo hilo bado lina nguvu, na ilibidi ingoje hadi Novemba ndipo likaondolewa.